Haraka ya Aliye Nyuma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimfokea dereva kwa sababu nilijiona msomi. Niliikumbuka jana uliponionyesha kwenye kompyuta yale magari yako madogo yakihama njia hii kwenda ile. Nami niliwahi kutengeneza mfano kama huo, miaka ile ya ukimwi, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi mafunzoni kwenye ofisi ya barabara, Bukoba. Kompyuta ningeitoa wapi? Nilipanga kahawa kavu mezani, kila punje gari, nikaandika kanuni: ukikwama nyuma ya gari la polepole na mbele kweupe, hama, upite. Jamani, nilivyojivuna!

Ndipo nikaletewa habari kwamba kaka yangu wa pekee yuko hospitali Rubya, amezidiwa. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja jina. Dereva wa ofisi, Ta Kamugisha, mzee mpole, akanipeleka. Njiani huko Muleba tukakwama nyuma ya lori la ndizi, vumbi tupu.

"Taata, pita! Hakuna gari linalokuja!" nikamhimiza mzee.

Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akatazama nyuma.

"Unanichelewesha makusudi! Kaka yangu anakufa!"

Hata hajajibu, pikapu ikachomoka vumbini nyuma yetu, ikatupita kwa kasi. Humo mwanamke amelazwa kwenye godoro, wawili wamemshikilia.

"Waitu, binti," akasema taratibu, "umetazama mbele tu. Na huyo ana mgonjwa wake."

Maawe! Kama angenisikiliza tungegongana nao. Nililia kwa aibu mpaka Rubya.

Kaka nilimkuta hai. Nilipomsimulia alicheka, akisema tangu utotoni nilikuwa nikimkanyaga miguu nikiwahi mlangoni. Tulimzika wiki ile ile. Mpaka leo namkumbuka kwa kicheko kile, na ninamshukuru dereva aliyenifikisha.

Niliporudi ofisini niliongeza sharti: kabla ya kuhama, pima anayekuja nyuma atalazimika kukanyaga breki kwa nguvu kiasi gani. Ikiwa utamponza, subiri.

Basi mwanangu, sharti hilo liweke kwenye programu yako, na uishi nalo kazini na nyumbani. Haraka yako ni ya kweli, sikatai. Lakini kabla hujahama, geuka umtazame utakayemzibia njia, maana huenda naye anamkimbilia ndugu yake. Mungu akufungulie njia, na siku utakayochelewa, akujalie mtu wa kukupisha.