Siku simu yangu ilipompongeza Mzee Athumani

Jumanne, katikati ya Ramadhani. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, mvua imetutishia tu.

Naandika uso ukiniwaka, maana leo nimemwaibisha mtu mzima mbele ya Chamazi nzima na sina wa kumsingizia.

Mie nina mgahawa mdogo, na sie tunaouza chakula mchana mwezi huu tunajua taratibu: mbele unashusha pazia, nyuma unaweka meza, na anayeingia kwa nyuma hujamwona. Mmoja wao ni Mzee Athumani, muuza vitambaa, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alishaninong'oneza kwamba ana sukari na daktari kamkataza kufunga (dini yake inamruhusu, nijuavyo mie Mkristo), ila nyumbani hajasema kwa sababu mkewe ana presha. Kila asubuhi ananitumia oda kwenye simu, napika, basi.

Sasa wiki iliyopita kwenye kikao cha akina mama kanisani tukaonyeshwa programu ya akili mnemba, eti unaiunganisha na simu ya biashara, inapokea oda, inajibu wateja, inaandika matangazo, na mie wa darasa la saba nikaiunganisha, nikajiona nimekuwa wa kisasa. Leo asubuhi nikaiambia imchague mteja anayetuungisha sana mwezi huu impongeze kwenye grupu la wateja. Sikusoma ilichoandika, nilikuwa nakanda unga. (Kusoma kungenichukua muda gani? Najiuliza mpaka sasa.)

Iliandika vizuri kweli, na maua juu: "Hongera Mzee Athumani, mteja wetu bora wa Ramadhani! Hajakosa chakula chake cha mchana hata siku moja."

Nilipokuja kuona, watu walishaanza kucheka. Mmoja kaandika, "Kumbe kobe wetu ana ndevu nyeupe." (Kobe ndivyo wanavyoitwa wanaokula mchana kwa kujificha.) Nikafuta haraka, vidole vina unga, kumbe nimejifutia mwenyewe, wenzangu wote bado wanausoma ule ujumbe na mie siuoni tena niufute. Hapo ningenyamaza. Badala yake nikaiandikia programu: sema umekosea, Mzee hakula wali hapa. Niseme ukweli, nilitaka inisaidie kudanganya. Yenyewe ikapekua oda, ikarudi kwenye grupu: "Tunaomba radhi. Mzee Athumani hakula wali. Alikula chapati mbili na supu ya kuku."

Mchana Bi Rukia, mkewe, akaingia, kapita pazia moja kwa moja mpaka jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." (Aliitikia, siwezi kumsingizia.) "Mama Neema, mume wangu anakula hapa?"

Nikatazama sufuria. Nikisema hapana ni uongo, nikisema ndiyo nimemmaliza Mzee, nikitaja ugonjwa nimetoa siri isiyo yangu.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Mawifi zangu wote wamo kwenye hilo grupu lako. Kila usiku naamka kumpikia mtu daku, kumbe daku ya nini?"

Mzee mwenyewe akatokea mlango wa nyuma, wala hakuwa amefungua grupu. Meza ya nyuma walikuwepo wawili, vijiko vikabaki hewani.

"Rukia, nina sukari," akasema. "Daktari kanikataza kufunga. Niliogopa presha yako."

Bi Rukia akamtazama sana, kisha akanigeukia mie, na heri angenitukana.

"Kwa hiyo mama lishe anajua. Mie ninayelala naye sijui."

Wakaondoka, yeye mbele, Mzee nyuma. Hakula.

Programu nimeiondoa, ingawa kwa haki haikusema uongo hata neno moja, ilifanya nilivyoituma. Kwamba mwezi huu kuna watu hatuwaoni, hilo ni mie sikuiambia. Kesho naenda kwao kuomba radhi, sijui nitaanzia wapi, na kamwe sitatuma tena neno lenye jina la mtu bila kulisoma mwenyewe.

Jioni tumekula ugali na dagaa. Kila Ramadhani, magharibi ikipita, Bi Rukia hutuletea bakuli la mihogo ya nazi. Leo halikuja. Pengine kasahau tu, ana mengi. Neema, mwanangu, akauliza kama tusubiri hilo bakuli, nikamwambia ale.