Kompyuta ilinionya kila asubuhi nikaipuuza: wagonjwa wa Samunge walivyopotea kwenye diski

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo mambo vipi.

Juzi kuna mdau kauliza humu, PC yake kila ikiwaka inaanza ku-check disk, afanyeje. Wengi mkamjibu abonyeze kitufe chochote aruke, maisha yaendelee.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi niliwahi kuruka hivyo hivyo, na nusura watu waumie. Ngoja niwape mkasa wenyewe, bila chumvi.

Ilikuwa Karatu, miaka ya themanini inaishia. Mimi ni binti wa Kiiraqw wa hapo hapo. Baada ya kidato cha nne nilisomea kupiga chapa, nikaajiriwa hospitali moja ya misheni.

Siku moja wafadhili wakaleta kompyuta. Wakuu, ilikuwa moja tu! Skrini nyeusi, herufi za kijani, hard disk inakoroma kama mtu aliyelala chali. Sista Bernadeta, muuguzi mkuu wetu, aliishonea kitambaa cha kuifunika, kile cha maua cha kuwekea redio sebuleni. Watu walikuwa wanakuja kuichungulia dirishani, wakiniona nachapa wanatikisa vichwa.

Nakumbuka baridi ya asubuhi zile, ukungu umeshuka hadi mlangoni, na mimi naingia na sweta langu najiona mtu mkubwa sana.

Mtaalamu aliyeifunga alikaa siku tatu akaondoka. Aliiwekea amri ya kukagua diski yenyewe kila inapowaka, ile CHKDSK ya DOS, mfumo wa mashine za enzi zile. Mwanzoni ilikuwa inapita salama.

Baadaye ikaanza kuandika maneno. Kwamba kuna vipande vimepotea, je, ivigeuze kuwa mafaili, Y ya ndiyo au N ya hapana?

Niliogopa, nikabonyeza N. Kesho yake tena. Siku nyingine nikabonyeza Y, wala sikuona tofauti. Ikawa mazoea. Ila namba ya vipande ilikuwa inaongezeka kila asubuhi, na mimi sikumwambia mtu.

Kwa nini? Niliogopa kuambiwa nimeharibu mali ya wafadhili. Huo ndio ukweli.

Sasa, kazi kubwa ya ile mashine ilikuwa orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kila mwezi Land Rover ilipita Ngorongoro kwenda vijiji vya Sale, Samunge hadi Engaresero, kupeleka dawa. Dozi ilikuwa ya mwaka na zaidi, na mgonjwa akikosa mwezi, ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Dawa zilipakiwa kwa kufuata majina.

Jumatatu moja asubuhi, safari ikiwa kesho, nikachapa orodha nikampa dereva wetu, Lohay. Akaipitia kwa kidole.

"Dada, wa Samunge wako wapi?"

"Si hao wanne?"

"Wanne wa zamani. Safari iliyopita tumeandikisha wapya, nilikuwepo. Na yule mama wa Engaresero anayenyonyesha, simuoni."

Nikafungua kompyuta. Hawapo. Wote niliowaingiza kwa wiki mbili, hawapo! Nikakimbilia stoo kwenye fomu zao. Mvua ya masika ilikuwa imevuja paani, fomu zimeshikana kama ugali, wino umeyeyuka wote.

Nikaenda kwa Sista Bernadeta nikamwambia kila kitu, na ile Y na N.

"Tangu lini inakuambia hivyo?"

"Kama wiki mbili, Sista."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema, "Basi kaa hapo usome inataka nini. Mpaka mwisho."

Nikachukua kitabu cha DOS na kamusi ya Kiingereza. Maneno ya kwenye skrini nilikuwa sijawahi kuyasoma yote. Juu ya lile swali ilikuwa inasema, kila siku, kwamba haitarekebisha chochote kwa sababu haijapewa F, herufi ya kuiruhusu irekebishe. Yaani ile amri ya mtaalamu ilikuwa ya kukagua tu. Nilipobonyeza Y nilikuwa najifurahisha.

Kwanza nikanakili orodha ya zamani kwenye floppy. Kisha nikaandika CHKDSK /F. Ikauliza tena. Safari hii nikabonyeza Y.

Diski ikakoroma weee. Kisha yakatokea mafaili mapya, FILE0000.CHK na wenzake. Nikafungua la kwanza kwa amri ya TYPE, inayoonyesha yaliyomo.

Majina! Yamefuatana bila mistari, jina, kijiji, dozi, jina, kijiji, dozi. Nililia pale pale kwenye kibodi.

Lohay akaleta kiti. Mimi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari. Tulipofika kwa mama wa Engaresero akapiga meza, "Huyo!"

Tukiwa faili la mwisho, puu! Giza kwenye skrini. Saa sita kamili. Mzee Njiku, mtu wa Singida aliyetunza jenereta, kazima kubana dizeli, kama kila siku wiki hizo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nafungua orodha asubuhi nisiifunge, yeye anazima, na kazi yote ya siku inabaki inaelea. Nikamfuata, nikamweleza.

Akavua kofia. "Mwanangu, mbona hukuniambia? Mimi nilijua ni kama taa tu."

Akawasha tena, tukamaliza. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kwanza dirishani, "Binti, nazima!" na hakuzima mpaka nimjibu.

Lohay alirudi baada ya siku sita, amejaa vumbi jeupe la Ziwa Natron, kule Engaresero. Alisema yule mama alimuona mbali, akatembea na mtoto mgongoni kulifuata gari. Vidonge vilikuwa vimembakia viwili.

Nilikaa na hiyo habari siku nyingi. Hata leo nikiwa nimestaafu bado inanijia.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza: usiruke. Nakili vitu vyako kwanza, soma ujumbe wote, iache imalize kukagua, na uzime mashine kwa utaratibu. Ikirudia kila siku, diski inakufa, badilisha. Na ukiona kosa usilolielewa, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Kunyamaza kwangu ndiko kulikotaka kuua, siyo jenereta.

Kuna yeyote humu aliyeshika mashine za miaka ile, Mbulu, Arusha, popote? Hebu shusheni zenu hapa chini nizisome.