Kitundu cha Kifuniko

Kila nikisikia harufu ya nta ya nyuki, namkumbuka bibi tukivuka Ruvu na mzigo wake wa nta. Mashua ya Mjerumani ilisukumwa na mtambo mkuukuu wa petroli uliofungwa nyuma. Siku hiyo ulikohoa, ukazimika katikati ya mto. Mwenyewe alikuwa ng'ambo akitungoja, kiboko mkononi.

Fundi aliyetuvusha alipuliza mrija, akachungulia kama petroli imeingia maji, akasugua kila kilichosugulika. Mtambo uliwaka kidogo, ukazimika tena. Jasho likamtiririka.

"Labda una njaa," bibi alisema.

"Tangi limejaa, bibi!"

"Najua. Hata kile kitundu cha kifuniko nimekuzibia kwa nta, petroli isije ikamwagika."

Kwetu milimani, kibuyu kilichotoboka hakiachwi hivihivi.

Fundi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka mashua ikayumba. Akaichokonoa nta kwa mwiba. Hewa ikaingia, petroli ikashuka, mtambo ukanguruma.

"Kumbe nalo tangi hupumua!" bibi alishangaa. "Sasa mbona hukusema?"

Ng'ambo, Mjerumani aliuliza tumecheleweshwa na nini.

"Mtambo ulikuwa na mafua, bwana," fundi alijibu.

Bibi akaficha kidole chenye nta ndani ya kaniki. "Pole yake," akasema.