Kiuga Kisicho na Kitako

Binti yangu alinipigia simu nikiwa kwenye mashine ya kukereza, maranda yamenijaa hadi ndani ya shati. "Baba, ruracio yangu ni mwezi wa nne," akasema. "Nataka unitengenezee kiuga. Cha mbao, lakini kiwe na umbo kama kile cha shosho."

Nilizima mashine. Huyu ni mtoto niliyemwacha Githurai 45 na mamake akiwa darasa la kwanza, nikaja Ruiru kuishi na mwanamke mwingine, ambaye naye hakukaa. Sitajitetea. Ningeweza, maana mamake alikuwa na mdomo, lakini wacha. Miaka yote hiyo nilimpelekea mtoto vitu nilivyokereza mwenyewe: pia ya kuchezea, mchi mdogo, bakuli la matunda. Kila Krismasi kitu. Nilikuwa najiambia hata hayo ni malezi.

Kwetu, siku ya ruracio, yaani ya kuleta mahari, msichana huulizwa mbele ya watu wote kama kinywaji kinywewe. Akikubali, anaonja ndani ya kiuga, kisha anampelekea babake. Sasa niambie, wewe ungeelewaje? Nani anaagiza kiuga kwako ili akamnyweshe mtu mwingine? Nilijiona nimesamehewa, Ngai, nikaanza kupiga mluzi kazini kama kijana.

Kiuga ni nusu ya kibuyu. Mama yangu, huyo shosho wake, alinywea uji ndani yake maisha yake yote. Ukikiona utadhani ni kazi rahisi. Wateja wangu, hasa wale wenye mahoteli ya Kamakis, wanataka bakuli lenye kitako, likae mezani lisiyumbe. Kiuga hakina kitako. Chini ni mviringo mtupu, kimekusudiwa kukaa mkononi, na ukitaka kukiweka chini lazima kwanza umalize uji. Kwa mkereza hilo ni balaa, kwa sababu kitako ndicho mashine inachoshika. Ukishakikata, inabidi umalizie kwa mkono, patasi na msasa, ukizungusha magotini siku nzima.

Nilitafuta muringa, mti ambao wazee walichongea vyombo, nikaupata kwa mtu aliyekuwa akisafisha ploti yake. Nilikereza viuga vitatu mti ungali mbichi, nikaacha kuta nene, kisha nikavifunga ndani ya mifuko ya saruji pamoja na maranda yake, ili vikauke polepole. Cha kwanza kilipasuka hata hivyo. Cha pili kilipinda, nikakirusha kwa hasira kikamkosa padogo tu jirani yangu, fundi wa pikipiki, naye akanitukana mimi na ukoo wangu wote. Cha tatu kilikubali. Nilikipaka mafuta ya mbarika siku nne mfululizo. Sijawahi kutengeneza chombo kizuri hivyo, kabla wala baada.

Siku yenyewe nilivaa suti nikaenda Murera, anakoishi mamake siku hizi, nimekibeba ndani ya shuka safi. Shemeji yangu, ndugu ya huyo mamake, alikipokea langoni kwa mikono miwili na kukisifu kweli kweli. Halafu akanionyesha kiti: safu ya mwisho ya hema, karibu na masufuria.

"Hapa kuna kivuli, shemeji."

Nikamwambia naona viti vya wazazi viko mbele. Akaangalia viatu vyake. "Huko kumejaa," akasema.

Kulikuwa kumejaa kweli. Kando ya mamake aliketi yule mwanamume aliyemwoa baada yangu, dereva wa trekta kwenye mashamba ya mananasi Thika, mtu mnene asiye na maneno. Walikuwa wamemvisha kofia ya mwenye boma na kumshikisha usinga. Hata hapo bado nilijidanganya. Nilijiambia kofia ni ya mwenye nyumba, lakini kiuga ni cha baba.

Walokole hao, kwa hiyo badala ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, kulikuwa na uji uliochachushwa. Mzee mmoja akamuuliza binti yangu kwenye kipaza sauti, "Tunywe?" Mara ya kwanza alicheka tu. Mara ya pili akajifunika uso kwa leso. Mara ya tatu akasema ndiyo, akapiga funda moja, akainuka na kiuga mikononi. Nami nikainuka. Naapa niliinuka, huko nyuma, nikafunga vifungo vya koti. Yeye akapiga hatua chache na kumpigia magoti dereva wa trekta.

"Pokea, baba."

Yule mtu alilia kabla hajanywa, uji ukamwagikia tai yake. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta koti. "Si ukae, bwana, unatuziba!" Yule mzee wa kipaza sauti akasema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na wanawake wakapiga vigelegele. Sijui kama alijua niko hapo. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kung'oa hema lile na vigingi vyake.

Baada ya maombi binti yangu alikuja mwenyewe na sahani yangu ya mukimo na nyama. Sikungoja aniamkue.

"Ulijua utampa nani," nikamwambia. "Ukanyamaza miezi miwili yote mimi nikihangaika na mbao."

"Nilijua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Hakuangalia chini. Alinitazama machoni, sahani bado mkononi. "Ningekuambia, ungenitengenezea?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kumwambia mtoto wangu, ningekutengenezea hata vitano. Nilifungua mdomo na lile neno likakataa kutoka, maana lilikuwa uongo. Nikaipokea sahani.

"Hapana," nikasema. "Singekutengenezea."

"Najua, baba," akasema, akarudi mbele kwa watu wake.