Raba Kwenye Vitabu vya Mwalimu

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza tangu usichana wake mpaka walipomstaafisha. Watoto wamebanana kwenye madawati, chaki ya kuombaomba. Mumewe alikuwa mwashi, shule hakuikanyaga. Kusoma alifundishwa na yeye, jioni, wakiwa wameshaoana. Wala hakumwonea huruma: akikosea, anarudia.

Kila akipata chochote alinunua vitabu vya ualimu, vile vilivyokwisha kutumika. Mbinu za kufundisha, historia ya elimu, saikolojia ya mtoto. Alivisoma huku akigombana navyo, penseli i sikioni.

"Hebu msikie huyu!" humwambia mumewe. "Eti kila mtoto apewe nafasi ya kujieleza. Darasani kwake wamo wangapi, kumi?"

Kisha anaandika pembeni: Njoo kwangu Jumatatu. Kwenye kitabu cha historia, palipoandikwa kwamba wazazi wa zamani hawakutaka shule, aliandika: Mama yangu alinivusha mto mgongoni. Hamkumuuliza.

Alipougua, kuhusu mali alisema jambo moja tu. Vitabu viende chuo cha ualimu.

"Wale watoto wanaosomea kazi wavikute. Wasije wakaamini kila kitu."

Baada ya mazishi, mwashi na binti yao wakavipeleka kwa mkokoteni. Mkutubi akavipokea kwa mikono miwili, akasema pole, akasema vitatunzwa.

Nyumba ikawa kimya mno. Siku moja mzee akavaa shati lake la kutokea, akaenda kuvitazama.

Maktabani akamkuta karani, mama wa makamo, vitabu vya Mwalimu vimepangwa mbele yake. Anafuta. Vumbi la raba limemjaa mapajani.

"Mama, unafanya nini?"

"Navisafisha, baba. Vimeletwa vimechorwachorwa, we acha tu! Mwanafunzi hawezi kuazimwa uchafu."

"Uchafu."

"Mtu kaandika kila mahali. Sijui alikuwa na ugomvi gani na vitabu." Akacheka.

"Huyo mtu ni mke wangu."

Kicheko kikakatika. Mkono wenye raba ukabaki hewani.

Mkutubi akatoka ofisini kwake. "Mzee wangu, usipandishe presha. Ndio utaratibu wetu. Kitabu ni maneno ya mwandishi. Hayo mengine ni ya pembeni tu."

"Hapa wanasomea nini?"

"Ualimu."

"Na mwalimu akiwaambia kitu, mnamfuta."

"Si hivyo, mzee."

"Ndivyo. Nimeona kwa macho yangu. Nipe vyangu niende."

"Vimeshapigwa muhuri. Ni mali ya chuo."

Maisha yake yote mzee alijenga kuta, na hakuwahi kubomoa ukuta wa fundi mwenzake bila kuuliza. Akavuta kiti, akakaa. Akachukua kitabu kilichokwisha kufutwa, akakifungua. Pembeni peupe. Akauinamisha ukurasa upande wa dirisha, na hapo akaona: mkono wa Mwalimu ulikuwa mzito, penseli imeacha vijifereji kwenye karatasi.

Akaokota penseli ya karani mezani. Akaanza kufuata vijifereji, herufi moja moja, ulimi nje:

Nimejaribu hii. Waliokuwa wakisinzia waliamka.

"Mzee! Unachafua kitabu cha chuo!"

"Nachafua. Kaite polisi."

Mkutubi hakuita mtu. Alisimama tu, mikono mifukoni, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa.

Mzee akafungua ukurasa mwingine. Akauinamisha huku, akauinamisha kule. Akaupapasa kwa kidole. Karatasi ilikuwa imekwanguka mpaka ikaota manyoya. Hakuna kitu.

Akamgeukia karani. "Hapa palisema nini?"

Karani akatazama raba mkononi mwake.

"Sikusoma, baba. Nilifuta tu."