Kamanda wa Barazani

Jirani wa Rukaiya, mwanajeshi mstaafu ambaye Ruponda nzima inamwita Kamanda, husema maisha ni vita. Husema akiwa amekaa. Kila asubuhi huwa barazani, suruali ya jeshi imenyooka kwa pasi, buti zinang'aa, na kidole chake kilichokatika ncha kinachora mto Ruvuma mavumbini: adui huku, sisi huku. Rukaiya akipita na bomba la dawa ya mikorosho mgongoni, humpigia kelele za gwaride: "Usirudi nyuma, dada! Shambulia!"

Siku mtalaka wa Rukaiya alipokuja na ndugu zake kudai mikorosho ile, eti aliipanda yeye, Rukaiya alimwita Kamanda mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maana Kamanda ndiye aliyemwona Rukaiya akiipanda peke yake. Kamanda alisimama wima, akayatazama mapanga ya wale ndugu, kisha akainama kufunga kamba za buti ambazo hazikufunguka. "Mwanajeshi hasemi bila amri," alisema, akaketi. Basi Rukaiya akasema mwenyewe. Alimtaka mtalaka aonyeshe kondo la nyuma la mtoto wao wa kwanza lilizikwa chini ya mkorosho upi siku ulipopandwa. Mtalaka akatazama miti, akatazama ndugu zake, akakuna kichwa, na mwenyekiti akafunga shauri.

Jioni Rukaiya alipopita, Kamanda alimpigia saluti. Kidole kilikuwa mavumbini tena, ila sasa kilichora mikorosho. "Adui huku," aliwaambia wanywa kahawa, "sisi huku. Tukawazunguka."