Foleni Niliyoifuta

Kosa langu la kwanza, lililozaa mengine yote, ni kwamba niliwatazama watu waliokaa wakisubiri nikaona hasara.

Walikuwa wakulima waliokuja na alizeti yao kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, pembeni mwa mji wa Singida. Wengine walitoka Ilongero na magunia mawili yamefungwa nyuma ya bodaboda. Wengine walikuja na mikokoteni ya punda, na mavuno yakikolea lilifika hata lori kutoka upande wa Mungaa, limebeba magunia ya nusu kijiji na wenyewe wamekaa juu yake. Hakuna aliyekubali kuiacha alizeti yake na kuondoka. Kila mtu alitaka magunia yake yakamuliwe peke yake, macho yake yakiona, ili mafuta atakayorudi nayo yawe ya shamba lake na si ya jirani mvivu ambaye hakupepeta. Ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo walisubiri zamu, na mashine ikiharibika walilala hapohapo uwanjani, kila mmoja juu ya magunia yake.

Aliyewalisha ni mama yangu.

Alikuwa na banda la turubai karibu na mlango wa mashine. Asubuhi aliuza uji wa ulezi na viazi vitamu, mchana ugali wa mtama na mlenda, au maharage. Pale uwanjani palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwenye kiwanda kingine: mtu zamu yake ikifika na mafuta yakianza kutoka, alikinga kikombe kimoja yakiwa bado ya moto, akampelekea mama. Mama alikaangia vitunguu na mboga za wote waliokuwa wakisubiri. Walikula wakiyasema mafuta ya mwenzao.

“Haya ya leo yana uchungu kidogo,” mmoja angesema.

“Uchungu uko kwenye ulimi wako. Kula unyamaze.”

“Mama, huyu usimwongeze mboga. Jana kaleta alizeti ina mchanga, meno yetu bado yanauma.”

Mama alicheka na kumwongeza. Kwa banda hilo nilisoma mpaka kidato cha nne. Sikufaulu kuendelea, na kwa banda hilohilo akaninunulia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Nilijifunza mwenyewe, kwa video na kwa kukosea. Sina cheti chochote. Labda ndiyo maana mpaka leo naogopa kupita kiasi: nikiandika ujumbe wa mstari mmoja nausoma mara nyingi mpaka maneno yanapoteza maana, na nikisikia mtu anacheka nyuma yangu nadhani ameona kosa langu.

Kisha ikaja miaka mibaya. Bei ya mafuta iliporomoka, mafuta ya kutoka nje yakajaa madukani, wakulima wengi wakahamia dengu na vitunguu. Kiwanda kilifungwa msimu mmoja mzima. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Tajiri hata alipokuwa hana kitu, aliuza lori lake ili asiuze mashine. Bei zilipoanza kupanda akafungua tena, na watu wa mifumo ya kompyuta wakaanza kumjia. Kila mmoja alikuwa na lake. Kulikuwa na mifumo ya kukodi kwa mwezi, ambayo taarifa zako zinatunzwa kwenye kompyuta za watu wengine, mbali. Kulikuwa na vifaa vya kufunga kwenye mashine ili ikipata joto ikutumie taarifa kwenye simu. Mmoja alikuja na akili mnemba ya kukisia bei ya alizeti ya mwezi ujao. Tajiri alimuuliza kama inaweza pia kukisia mvua, yule kijana akasema bado, Tajiri akamwambia basi arudi ikishaweza.

Baadaye akaniita mimi, kwa sababu nilikuwa nimemtengenezea printa na kwa sababu alinijua tangu nikitambaa.

“Mimi fedha yangu ni hii moja,” alisema. “Nikikosea sina nyingine. Katika haya yote wanayoniimbia, nishike lipi?”

Nilimwomba muda nifikirie. Sikula vizuri wiki ile. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu biashara zinazotoka kwenye hali ngumu, na nikaelewa jambo ambalo bado naliona ni kweli: baada ya miaka mibaya hakuna anayenunua kompyuta ili apendeze. Ananunua kitu kitakachomwondolea kitu kingine. Mtu, muda, karatasi, chumba. Ukitaka kujua mfumo gani utanunuliwa, tafuta kinachoweza kuondolewa.

Nikaenda kukaa uwanjani kutafuta. Nikaona kwamba kila mteja akimaliza, mashine inasimama mpaka tone lake la mwisho lidondoke, ndipo alizeti ya mwingine ianze. Nikaona watu wamelala juu ya magunia. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake: *Kusubiri.*

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama nilipoandika. Uji wake ulikuwa mkononi mwangu.

Nilichompendekezea Tajiri kilikuwa hiki. Mizani ya kidijitali iunganishwe na mfumo wa kukodi. Mkulima apime, alizeti yake ichukuliwe sampuli ijulikane ina mafuta kiasi gani, kisha imwagwe ghalani pamoja na ya wengine, naye aende zake. Mashine ikamue bila kusimama. Mafuta yakiwa tayari, simu yake imwambie, aje achukue kiasi kinachomstahili au apelekewe na bodaboda. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama watu watakubali kuchanganyiwa. Nikamwambia watakubali wakionja kulala nyumbani kwao.

Jioni kabla ya kwenda kutia saini mkataba wa kuusimamia mfumo huo pale kiwandani, mama alikuwa anamenya viazi vya kesho. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza bila kuinua kichwa.

“Huo mfumo wako unafanya nini hasa?”

“Mtu anapima anaondoka. Mafuta yakiwa tayari, simu inamwita.”

“Hakai?”

“Hakai, mama. Habari ya kusubiri inakwisha.”

Akamaliza kiazi alichoshika, akachukua kingine.

“Basi ni vizuri,” akasema. “Watu wanachoka pale.” Halafu akaniuliza nitavaa shati gani, nikamwonyesha, akasema kola yake imechakaa, akaacha viazi akanipigia pasi lile lingine.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Alikuwa ameelewa. Mimi niliyesoma yale yote sikuelewa, na yeye alielewa kabla kiazi cha pili hakijaisha. Naye akanipigia pasi.

Mfumo ulifanya kazi. Ningependa kusema ulishindwa, maana hapo ningekuwa na la kujifariji, lakini ulifanya kazi vizuri sana. Maneno ya ujumbe niliyatunga kwa siku nyingi. “Ndugu mteja, mafuta yako yako tayari.” Nilisumbuka kama niseme *yako tayari* au *yamekuwa tayari*, kama nianze na salamu, kama mtu mzima atajisikia kuamrishwa. Wiki za mwanzo watu walinuna. Mzee mmoja wa Ilongero alipima, akapewa risiti, akaenda kukaa kwenye benchi la mama kama kawaida. Mlinzi akamfuata.

“Shikamoo, mzee. Siku hizi unakwenda nyumbani. Simu itakuita.”

“Marahaba. Sasa nyumbani nikakae na simu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Nyumbani ninayemkuta ni mke wangu, na tumekwisha kuambiana yote. Mama, nipe chai.”

Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini mwezi uliofuata hata yeye alimtuma mjukuu wake. Mtu ana shamba, ana ng'ombe, akiweza kuondoka ataondoka. Mashine ilikuwa haizimwi tena mchana. Tajiri aliwarudisha vijana wawili aliowaachisha kazi miaka ile mibaya, na jambo hilo ni la kweli pia, siwezi kulificha kwa sababu tu linaniumiza.

Kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa na mchoro unaoonyesha muda wa wastani ambao mteja anakaa kiwandani. Kila wiki mstari ulishuka. Niliupenda ule mstari kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu. Nilikuwa naufungua asubuhi kabla ya kunawa uso. Dirisha la ofisi lilitazama banda la mama moja kwa moja, na kompyuta niliiweka nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo, kwa sababu ya mwanga.

Alianza kupika sufuria ndogo. Kisha akaacha mboga, akabaki na uji na chai. Vikombe vya mafuta ya moto vilikoma kwa sababu sasa hakukuwa na mafuta ya mtu. Yalikuwa ya ghala. Alinunua mafuta ya kukaangia dukani, naye yuko kwenye uwanja wa kiwanda cha mafuta. Hilo nililisikia kwa vijana wa mashine, walikuwa wanamtania, “Mama, unatuaibisha, watu watasema hatukupi,” naye akawajibu kwamba yeye hamwombi mtu asiyemjua. Nyumbani hakuniambia. Nami sikuuliza. Nilikuwa nashughulika na kosa dogo la mfumo, ujumbe uliokuwa unatumwa mara mbili.

Msimu ulipokwisha, Tajiri alitaka kupanua ghala. Akaniambia nichore uwanja ulivyo ili fundi apate vipimo. Nilichora kwa uangalifu kama ninavyofanya kila kitu: jengo la mashine, mizani, choo, lango. Mahali pa banda la turubai, kwa kuwa halikuwa jengo, niliandika *wazi*.

Tajiri aliitazama karatasi. Akaweka kidole pale.

“Hapa si kwa mama yako?”

Nikasema ndiyo.

“Mimi siwezi kumwambia,” alisema. “Amenilisha kwa mkopo nilipokuwa sina kitu. Mwambie wewe. Mwambie akitaka sehemu nje ya geti nitampa.”

Nilizunguka uwanja kabla sijamfikia. Nilipofika alikuwa ameshakunja turubai. Mafundi walikuwa wamepita na kamba ya kupimia asubuhi, hakuhitaji kuambiwa. Benchi lilikuwa limegeuzwa miguu juu na sufuria zimewekwa ndani yake.

“Mama, Tajiri anasema nje ya geti kuna nafasi.”

“Nje ya geti nani anakaa?”

Jibu nilikuwa nimelifuta mwenyewe.

“Mama, sikufikiria.”

“Ulifikiria, baba,” alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. “Ulifikiria sana. Mimi nilikuwa nakuona pale umekaa unaandika, nikasema mwache, mtoto ana kazi. Shika upande huo tuinue.”

Tukabeba benchi. Mlangoni pa mashine vijana walisimamisha kazi wakatupokea sufuria, na mmoja akamwambia jambo kwa Kinyaturu lililomfanya acheke. Mama hakunitazama mimi.

Nilijaribu kulipa. Nilimtafutia meza stendi, akauza mwezi mmoja, lakini abiria hula wamesimama, macho yao yako kwenye basi, na yeye hakuwahi kupikia watu wa namna hiyo. Nikamwambia apumzike, nitamtunza. Akasema yeye si mgonjwa. Mvua za kwanza ziliponyesha alihama, akarudi Ilongero kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, akapanda mtama na alizeti.

Msimu uliofuata alileta magunia yake kiwandani. Hakuniambia kwamba anakuja. Alimkuta kijana wa mizani ambaye hakumjua, akapima, akaondoka. Nilijua siku alipopiga simu.

“Nimepata ujumbe wenu,” alisema. “Mjukuu wa jirani amenisomea.”

“Mama, ulikuja? Mbona hukuingia ofisini?”

“Wanasema mtu asikae.”

Nilisikia kuku kwake, na mtu anatwanga.

“Umeniandikia ‘Ndugu mteja’,” akasema. Alisema polepole, kama anayejaribu kiatu. “Ni maneno mazuri. Yana heshima.”

Nikamwambia nitamletea mafuta mwenyewe Jumamosi. Akasema nisipoteze muda wangu, bodaboda atayaleta, si ndivyo nilivyopanga. Hakusema kwa kunisuta. Heri angenisuta. Nilikwenda hata hivyo, tukakaa, akanipikia ugali na kunikaribisha kila baada ya tonge kama anavyowakaribisha wageni, na giza lilipokaribia akanikumbusha kwamba nitachelewa usafiri.

Niliacha kazi pale kiwandani mwaka uleule. Mfumo upo, na viwanda vingine mjini vimenunua unaofanana nao. Bado natengeneza mifumo, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ninayoijua, lakini kabla ya kuandika chochote namuuliza mwenye biashara ni nani anayekula kwa sababu ya kile anachotaka kukiondoa, na wengine kwa swali hilo wameninyima kazi. Mama hauzi tena chakula. Naenda Ilongero kila mwisho wa mwezi, na ananipokea vizuri.